Nambari Ilikuwepo, Hadithi Haikuwepo: Tija na Mpangilio wa Kazi Zama za Akili Mnemba



 

Ndugu zangu katika imani, mhariri aliniomba niandike kuhusu tija: vipi mwanafunzi wa Kiislamu anaweza kufanya mengi kwa muda mchache sasa ambapo akili mnemba imo katika kila simu. (Wenzetu waliotoka Nairobi huiita akili unde. Tusigombane kwa jina.) Nilikubali haraka, maana nilidhani ni mada niliyoiweza. Kisha likatokea jambo katika darsa yetu, na ikabidi niandike makala nyingine.

Kwa wale wasiotujua, sisi kamati ya daawa hugawa karatasi ya kurasa mbili kila Alhamisi baada ya Isha, kisha mmoja wetu huisomesha. Tunaiandika kwa Kiswahili kwa sababu hapa Kampala ndiyo lugha inayomkutanisha mtu wa Mombasa, wa Bukoba, wa Bujumbura na wa Bukavu bila yeyote kujiona mgeni. Zamani tulianza Jumatatu, watu watatu. Mmoja alitafuta aya na tafsiri yake, wa pili hadithi, wa tatu aliandika. Tulibishana, tuliwapigia simu masheikh, tulifuta tukaanza upya. Jumatano usiku ndipo tulipokwenda kuchapa, na umeme ulikuwa na tabia ya kukatika hapo hapo.

Muhula uliopita nikaanza kuitumia programu. Niliandika mada, nikaomba kurasa mbili pamoja na ushahidi wa aya na hadithi, na jibu likaja kabla sijamaliza chai. Kazi ya siku tatu ikawa ya dakika arobaini. Kufikia mwezi wa pili tulikuwa tunatoa karatasi ya Alhamisi, ujumbe wa WhatsApp kila asubuhi, bango la Ijumaa na chemsha bongo ya Jumamosi. Kwenye mkutano wa kamati nilisimama nikataja hesabu: tumetoka kitu kimoja kwa wiki hadi vitu kumi. Nilipigiwa takbira.

Alhamisi ninayoisema, mada ilikuwa uaminifu kazini. Nikasoma hadithi fupi, tamu, kuhusu mfanyakazi na kazi yake, na chini yake pameandikwa jina la kitabu na nambari. Sitairudia hapa, nisije nikaieneza mara ya pili. Nyuma alikuwa ameketi Hajji mmoja wa mtaani anayefundisha watoto madrasa na ambaye huja kuswali nasi. Alisubiri watu watawanyike, akaniita pembeni.

"Mwanangu, hii umeitoa wapi?"

Nikamwonyesha kitabu na nambari. Akaniambia twende kabatini. Tulikitoa kitabu, akapangusa miwani, akatafuta. Nambari ilikuwepo. Chini yake palikuwa na hadithi ya kutawadha. Tukatafuta kwa maneno, tukatafuta kwa jina la sahaba aliyetajwa, hatukuona kitu. Hajji hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alisema tu, "Basi utawaambia Alhamisi ijayo," akavaa viatu akaenda zake.

Usiku ule nilizipitia karatasi nane za nyuma pamoja na dada mmoja wa kamati. Tulipata nyingine mbili za namna hiyo. Ujumbe wa asubuhi hatukuweza hata kuuhesabu, kwa kuwa watu walikwisha kuusambaza kwa mama zao na shangazi zao, hadi nchi tusizozijua.

Nyote mnajua onyo la Mtume (S.A.W.) kwa anayemzulia uongo. Mimi sikukusudia kuzua. Lakini Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, ameleta mapokezi yanayomweka katika fungu la waongo mtu asemaye kila linalomfikia bila kuchuja. Hapo hakuna sharti la makusudi. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Mota kubwa mahali pa injini kuukuu

Mwanzoni niliilaumu programu. Kilichonibadilisha ni kisa tulichosoma katika somo la historia ya uchumi, na naomba mnivumilie niwapeleke Marekani ya karne ya 19, kwa sababu kisa hicho kinatuhusu kuliko kinavyoonekana.

Kiwanda cha mvuke kilikuwa na injini moja kubwa. Injini ile ilizungusha mhimili mrefu uliopita juu darini, na kutoka kwenye mhimili zilishuka kanda za ngozi, kila ukanda ukiendesha mashine moja. Kwa hiyo mashine haikuwekwa pale ambapo kazi iliihitaji. Iliwekwa pale ambapo ukanda uliifikia. Majengo yalikuwa ya ghorofa kadhaa ili mhimili usiwe mrefu mno, na bidhaa ikapandishwa na kushushwa siku nzima.

Mwaka 1882 kituo cha umeme cha Thomas Edison katika mtaa wa Pearl, New York, kilianza kazi. Mtu angetarajia viwanda vibadilike mara moja. Havikubadilika. Wenye viwanda wengi waliing'oa injini ya mvuke, wakaweka mota kubwa ya umeme mahali pale pale, mhimili ule ule na kanda zile zile. Faida ikawa ndogo. Ilipita takriban miaka arobaini, hadi miaka ya 1920, ndipo tija ilipopanda kwa nguvu, na haikupanda kwa sababu ya mota bora zaidi peke yake. Watu walikuwa wamekubali kuvunja mpangilio: kila mashine ikapewa mota yake ndogo, jengo likawa la sakafu moja, na mashine zikapangwa kwa kufuata mwendo wa kazi yenyewe. Mwanauchumi Paul David wa Chuo Kikuu cha Stanford alikieleza kisa hiki mwaka 1990, wakati watu walipokuwa wakishangaa mbona kompyuta zimejaa maofisini na tija haionekani.

Niliposoma hayo nilijiona mimi. Nilikuwa nimeweka mota mpya mahali pa injini kuukuu. Mpangilio wetu ulikuwa "tafuta, andika, soma", na nilichofanya ni kuharakisha lile la kati. Sikuuliza karatasi ile ilikuwa ya nini. Sikuona kwamba zile siku tatu za kubishana na kuwapigia masheikh simu, nilizozihesabu kama upotevu, ndimo ukaguzi ulimofanyika. Hakuna aliyeuita ukaguzi. Ulikuwa umefichika ndani ya uzito wa kuandika, na uzito ulipoondoka ukaondoka nao.

Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa la zama hizi, kwa ofisi na kwa chuo. Kuandika kumekuwa rahisi, kuhakiki hakujawa rahisi. Anayeacha kazi zake zipangwe kana kwamba kuandika ndiko kugumu, atazalisha vingi na atabeba dhima asiyoiona.

Msimulizi asiyejulikana

Ajabu ni kwamba umma huu uliwahi kukabiliana na hali kama hiyo. Katika karne mbili za mwanzo masimulizi yalikuwa mengi kupita kiasi, na kuyarudia hakukugharimu kitu. Mtu yeyote sokoni Basra au Kufa aliweza kusema "Mtume amesema". Wanazuoni hawakujibu kwa kusimulia upesi zaidi. Waliipanga kazi upya, wakauweka uzito kwenye isnadi: nani alikusimulia, naye alisikia kwa nani, je walikutana? Wakaunda elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi. Inasimuliwa kwamba Imam Bukhari (aliyefariki mwaka 256 Hijria) alichuja mapokezi yapatayo 600,000 kwa muda wa miaka 16, na kitabu chake kina hadithi zaidi ya 7,000 tu, tena ukihesabu zilizojirudia. Kwa kipimo changu cha mkutano wa kamati, cha vitu kumi kwa wiki, Bukhari angeonekana mvivu.

Wanazuoni walimtaka mpokezi awe na mambo mawili: uadilifu, yaani dini na ukweli wake, na dhabti, yaani uhakika wa kuhifadhi. Mcha Mungu mwenye kumbukumbu mbovu hakupokelewa kwa uchamungu wake. Sasa iweke programu kwenye mizani hiyo. Uadilifu haina, wala ufasiki haina, kwa kuwa haikukalifishwa. Dhabti yake ina mashaka, na ni vyema tujue sababu. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, na kazi yake ya msingi ni kukadiria neno gani linafaa kufuata baada ya maneno yaliyotangulia. Imeona maelfu ya hadithi zikifuatwa na jina la kitabu na nambari, kwa hiyo ukiomba hadithi hukupa kitu chenye sura hiyo. Mara nyingi kitakuwa sahihi. Kisipokuwa sahihi, sura yake haibadiliki. Na zaidi ya yote, mara nyingi haikuambii imesikia kwa nani, na hata inapokutajia, lazima uende ukaone mwenyewe. Mpokezi asiyejulikana wanazuoni walimwita majhul, na riwaya yake iliwekwa kando hadi ipatikane njia nyingine.

Kwa hiyo sisemi tuitupe. Majhul hakutukanwa wala hakufukuzwa mjini. Alisikilizwa, kisha habari yake ikatafutiwa ushahidi.

Tunavyojidanganya kuhusu kasi

Kuna jaribio moja ambalo ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta alijue. Mwaka 2025 taasisi ya METR ya Marekani iliwachukua waandishi wa programu 16 wazoefu, ikawapa kazi 246 za kweli katika miradi waliyoijua vizuri, nyingine waruhusiwe kutumia akili mnemba, nyingine wasiruhusiwe. Kabla ya kuanza walikadiria kwamba itawapunguzia muda kwa asilimia 24. Saa zilipopimwa, walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Na walipoulizwa baada ya kumaliza, bado waliamini imewapunguzia asilimia 20. Hebu fikiri. Mtu amecheleweshwa, naye anashukuru kwa kuharakishwa.

Si kila kazi iko hivyo. Katika uchunguzi mwingine wa wahudumu wa wateja zaidi ya 5,000, uliotolewa mwaka 2023, wale waliosaidiwa na programu ya aina hii walitatua matatizo mengi zaidi kwa saa, wastani wa asilimia 14, na wale wapya na wenye ujuzi mdogo wakapanda kwa asilimia 34. Kwa mhitimu anayeanza kazi hiyo ni habari njema. Tofauti iko katika kazi yenyewe na anayeifanya, na huwezi kuijua kwa kujisikia. Inabidi upime.

Lakini linalotugusa sisi kwa karibu lilitoka Uturuki. Karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari walifanya mazoezi ya hesabu, baadhi wakiwa na programu ya kawaida inayojibu chochote. Wakati wa mazoezi walifanya vizuri kwa asilimia 48 kuliko wenzao. Programu ilipoondolewa na mtihani ukaja, walifanya vibaya kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuishika. Kundi jingine lilipewa programu iliyopangwa kutoa dokezo badala ya jibu, na madhara yale kwa sehemu kubwa hayakutokea. Mashine ni ile ile, mpangilio ndio ulikuwa mwingine.

Ofisini, ripoti ndiyo bidhaa. Ikiwa nzuri na sahihi, mwajiri hana shida nani aliandika sentensi ya tatu. Chuoni ni kinyume. Hakuna mtu duniani anayehitaji insha yako ya kurasa sita kuhusu mfumuko wa bei. Mwalimu ataisoma mara moja na itaishia kwenye sanduku chini ya meza. Kinachotengenezwa ni wewe. Ukiitumia mashine kukamilisha insha, umeharakisha kitu kisichohitajika na umekiacha kile kilichohitajika kama kilivyokuwa.

Kilicholowa kiwekwe juu

Rafiki yangu mmoja, anasoma uhandisi mwaka wa tatu, alisoma rasimu ya makala hii akaniambia naongea kama mtu anayelipiwa ada na baba yake. Yeye hukaa kwenye kibanda cha pesa za simu hadi saa nne usiku, kisha ana kazi tatu za kukabidhi. Hana siku tatu za kubishana na mtu. Alisema kweli na sina jibu la kumnyamazisha. Pia nawafikiria ndugu zetu wa Congo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa na sasa wanaandika mitihani kwa Kiingereza. Kwa hao, kuomba programu ifafanue aya ngumu au inyooshe sarufi ni haki, na nisingependa yeyote awatie hofu kwa jambo hilo.

Ninachoweza kumpa ni kisa cha sokoni kilichomo katika Sahihi Muslim. Mtume (S.A.W.) alipita kwenye lundo la chakula, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akaeleza kwamba kilinyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini hakukiweka kile kilicholowa juu watu wakakiona, kisha likafuata onyo kali juu ya ghushi. Tazama kwamba mtu yule hakulaumiwa kwa mvua, wala hakukatazwa kuuza. Alilaumiwa kwa mpangilio wa lundo.

Basi kama usiku umekubana na mashine imekuandikia sehemu, angalia kanuni za kozi yako. Zikikataza, yamekwisha, hapana mjadala, maana mkataba ni mkataba. Zikiruhusu, andika ukurasa wa kwanza: sehemu hii nimesaidiwa, hii nimeifanya mwenyewe, hii sijaihakiki. Rafiki yangu alijaribu kwa mwalimu mmoja na akapunguziwa alama mbili. Amesema ataendelea, lakini kwa mwalimu yule tu. Ndivyo tulivyo.

Kamati nayo imepangwa upya. Jumatatu tunakaa nusu saa bila simu, tunachagua swali moja ambalo mwanachama ameuliza kweli, kwa mfano kama inafaa kuswali katika maabara ukichelewa kutoka. Kila mmoja anakwenda kutafuta ushahidi wake na kuuona kwa macho yake, kitabuni au kwa sheikh, na anaandika kwa mkono ameuona wapi. Baada ya hapo ndipo programu inapoingia. Tunaipa maneno yetu na kuiomba ifupishe, inyooshe Kiswahili, na, hili limetufaa kuliko nilivyodhani, itupinge: mtu asiyekubaliana na karatasi hii angesema nini? Ikileta ushahidi wa kwake hatuuandiki. Tunauchukulia kama tetesi ya majhul na mmoja anakwenda kuutafuta.

Mwisho karatasi inakwenda kwa mkaguzi. Tumemteua dada mmoja wa mwaka wa pili, anasoma sheria, ambaye haruhusiwi kuandika hata mstari mmoja. Kazi yake ni kufungua kila chanzo na kutia saini pembeni. Asipotia saini, sentensi inatoka, hata kama mwandishi ni mwenyekiti. Muhula huu Alhamisi mbili zimepita bila karatasi kwa sababu yake, na amenuniwa na watu wazima. Ujumbe wa kila asubuhi tumeuacha. Vitu kumi vimerudi kuwa viwili.

Muda bado tunauokoa, maana kuchapa na kunyoosha lugha hakutuchukui tena Jumatano nzima. Tulikubaliana usirudi kwenye kutoa vitu vingine. Jumatano jioni sasa wawili wetu huenda hosteli kukaa na wa mwaka wa kwanza, na kama kuna mgonjwa kumtembelea. Kwenye ripoti ya kamati sijui niiandike vipi, hakuna safu yake. Katibu aliandika "mengineyo".

Alhamisi iliyofuata ile ya Hajji, nilisimama nikasema kama alivyoniagiza: hadithi ile haipo, na hizi mbili nyingine pia hazipo, na aliyewapelekea jamaa zake awaarifu. Ukumbi ulikuwa kimya kuliko siku zote. Mtu mmoja aliuliza, basi zilizobaki tutajuaje? Nilimjibu kwamba zimefunguliwa zote, na nikataja jina la aliyezifungua.

Karatasi ya wiki hii inahusu kukopeshana pesa hosteli. Mkaguzi amezuia sentensi moja katika ukurasa wa pili, na hadi ninapoandika haya hatujapata chanzo chake. Pengine itatoka na nafasi tupu.